MF 135 ya mzee inakula oili: niweke ringi tu au nifungue injini yote?

#1 Mwana_Kigumba
Wakuu, salaam. Nahitaji mawazo yenu kabla sijatoa hela. Trekta ni MF 135 (Massey Ferguson) ya mzee wangu, injini Perkins ya silinda tatu, AD3.152. Imelima hapa Kigumba, Uganda, tangu sijaanza shule, na hata leo ndiyo inayotulisha, maana tukimaliza shamba letu tunalimia watu kwa eka.

Tatizo inakula oili. Asubuhi najaza mpaka alama ya juu, jioni dipstiki inasoma chini ya alama ya chini. Moshi ni wa bluu, na unazidi nikiiacha ingurume bila mzigo kisha nikaipa resi. Ikilala baridi haiwaki mpaka tuisukume. Na plau ya disiki mbili inazimika mahali ilipokuwa inapita gia ya pili bila shida.

Fundi wa hapa anasema ringi (pete za pistoni) zimechoka, nibadilishe ringi na gasketi basi. Fundi wa Masindi anasema fungua yote: slivu (bomba la chuma ambamo pistoni inatembea), pistoni, beringi, kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikachongwe. Tofauti ya bei zao ni ng'ombe kadhaa. Mvua za Machi hizo zinakuja. Mnasemaje?

#2 Kijana_wa_Busia
Ringi tu. Hiyo injini haifi. Weka ringi, lapu valvu (zisugue zikae sawa kwenye siti), ingia shambani. Kufungua yote waachie wenye hela.

#3 Fundi_Ndeeba
Mkuu, usinunue hata gasketi kwanza. Iwashe ipate moto sawasawa, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili juu ya kava ya valvu. Moshi ukipumua hapo kwa mapigo, ujue gesi inapita pembeni ya pistoni kwenda chini. Pakitulia, oili yako inatafuta njia nyingine.

Ukiwa hapo tafuta ni silinda ipi. Injini ingurume taratibu, legeza nati ya paipu ya nozeli moja (kinyunyizio cha dizeli), sikiliza, kaza, nenda inayofuata. Ukilegeza ya silinda nzima, injini inayumba. Ukilegeza ya silinda iliyochoka, karibu hutasikia tofauti. Weka kitambaa na mkono ukae mbali: dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu aliyepigwa nayo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Mwisho pima kompresheni kwa geji ya dizeli, ile ya petroli haifai. Pima kavu, halafu tia oili kidogo sana kwenye silinda upime tena. Ikipanda, ni ringi na slivu. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Nasema kidogo sana kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ya dizeli ni finyu. Ukimwaga nyingi pistoni inagonga oili na konrodi (mkono wa pistoni) inapinda.

@Kijana_wa_Busia slivu iliyolika ina ngazi pale juu ambapo ringi ya kwanza inaishia. Ringi mpya ina kona kali. Ikipanda inaigonga ngazi ile, inavunjika au inavunja mfereji wa pistoni. Ndiyo maana lazima apime kwanza.

#4 Kijana_wa_Busia
Yetu tuliweka ringi tu na ilimaliza misimu.

#5 Fundi_Ndeeba
Slivu zilikuwa zimelika kiasi gani?

#6 Kijana_wa_Busia
Hatukupima. Ililima.

#7 Afande_Mstaafu
Nimeshughulika na Perkins miaka mingi jeshini na baada ya jeshi. Rudini kwa alichoandika mwenye uzi: moshi unazidi baada ya kunguruma bila mzigo, kisha resi. Hiyo ni oili inayoteremka taratibu kwenye valvu gaidi (mrija unaoongoza shina la valvu), inajikusanya, halafu inaungua kwa mkupuo. Ringi zikiwa ndizo mbovu, moshi unazidi ukiwa na plau ardhini. Toa hedi, shika valvu ukiitikisa kushoto na kulia kwenye gaidi. Ikicheza, umepata jibu kwa bei ndogo.

#8 Fundi_Ndeeba
Afande, heshima yako, lakini hapo sikubali yote. Hiyo dalili tumeirithi kwa mafundi wa petroli. Injini ya petroli ina kizibo cha hewa, ukiachia mafuta manifoldi (njia ya hewa kwenda silinda) inavuta kwa nguvu na kunyonya oili kwenye gaidi. Dizeli hii inavuta hewa wazi wakati wote, mwendo unadhibitiwa na pampu. Mvuto wa kunyonya oili ni mdogo. Na gaidi zilizolegea haziwezi kumfanya asukume trekta kila asubuhi.

#9 Afande_Mstaafu
Oili haihitaji kunyonywa, kava ya valvu iko juu na gaidi ziko chini yake. Inateremka yenyewe. Na valvu inayocheza haikai vizuri kwenye siti, kompresheni inapotea, injini haiwaki. Nimeyafungua haya kwa mikono yangu.

#10 Mama_Mahindi_Bweyale
Mwana_Kigumba, sisi ni majirani. Nitakueleza la kwetu kwa sababu liliniumiza. Kikundi chetu kilichanga, tukafungua injini yote ya MF 240: slivu mpya, pistoni, ringi, beringi. Fundi alikuwa mzuri na kazi yake ilikuwa safi. Kabla msimu wa pili haujaisha moshi wa bluu ukarudi, oili ikaanza kuliwa. Watu wakamgeukia fundi, wengine wakasema spea ni feki.

Kijana mmoja mwendeshaji ndiye aliyeona. Mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye manifoldi, ulikuwa umepasuka upande wa chini, chini ya klampu kabisa. Ukiutazama kwa juu ni mzima. Akauvua, akapitisha kidole ndani ya manifoldi, kikatoka na vumbi jekundu lililochanganyika na oili, linakwaruza ukilisugua kati ya vidole viwili. Hilo ndilo lililokuwa linaingia kwenye slivu mpya kila siku tunayolima.

Ninyi mnajua Februari ya huku. Majani yameungua, udongo umekauka, trekta ikipita hata disiki huzioni. Eya klina ya oili inafanya kazi tu kama hewa yote inapita humo. Ikipata tundu nyuma ya eya klina, haina kazi tena. Sasa kabla hujauza ng'ombe, vua mpira ule uukunje mikononi mwako uone unapasuka wapi.

#11 Afande_Mstaafu
Mama amesema kitu kikubwa. Na kile kibakuli cha eya klina, wakati wa vumbi, kinafunguliwa kila siku. Tope likijaa chini, mwaga, osha, tia oili safi mpaka kwenye mstari, usizidishe, injini itaivuta. Wengi wanatia oili chafu waliyoitoa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Hiyo tayari ni nyeusi na nzito, vumbi haliishiki vizuri.

#12 Aliga_Arua
Hamjambo. Mimi naangalia kwingine. Nusa dipstiki. Kama inanukia dizeli, una tatizo la pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ile ya pembeni ya bloku yenye kitasa cha mkono. Ngozi yake ikipasuka, dizeli inadondoka ndani ya sampu. Oili inakuwa nyepesi kama maji, slivu zinakosa utando, beringi zinalika, presha inashuka. Utabadilisha ringi na slivu zote na bado zitakufa kama pampu ile haijaguswa.

#13 Kijana_wa_Busia
@Aliga_Arua si amesema oili inapungua? Dizeli ikiingia si ingepanda?

#14 Aliga_Arua
Ingepanda kama injini ingekuwa haiili. Hii inakula huku inaongezewa dizeli. Huenda inakula zaidi ya anavyoona.

#15 Mkata_Miwa
Habari za humu. Mimi niko upande wa Jinja. Nionavyo, O-ringi za slivu zimeoza, maji yanaingia. Angalia kama oili imekuwa nyeupe.

#16 Fundi_Ndeeba
@Mkata_Miwa hapana. Slivu za AD3.152 ni kavu, zimepigwa ndani ya bloku kwa presi, maji hayazigusi, hazina O-ringi yoyote. Unayoyasema yapo kwenye Belarus, MTZ 80 na 82, slivu zake zinaoga maji na zina mipira chini. Na Ford 5000 haina slivu kabisa tangu kiwandani, pistoni inatembea kwenye bloku lenyewe. Oili ya Perkins hii ikiwa nyeupe, anza na gasketi ya hedi, kisha tafuta ufa.

#17 Mkata_Miwa
Sawa fundi, nimeelewa. Nilikuwa na MTZ kichwani.

#18 Ng'ombe_Wawili_Teso
Banange, huku Soroti jozi ya maksai hailambi oili wala haisukumwi asubuhi. Mwana_Kigumba, karibu nikuuzie.

#19 Mama_Mahindi_Bweyale
@Ng'ombe_Wawili_Teso leta hao maksai walime eka za majirani zangu wote kabla mvua haijakolea, halafu tuzungumze. 😀

#20 Mwana_Kigumba
Asanteni. Nimefanya majaribio. Kifuniko cha oili: inapumua, na nguvu. Nozeli: nikilegeza ya 1 na ya 2 inayumba sana, ya 3 inayumba kidogo tu. Dipstiki: mimi nasikia dizeli, ndugu yangu anasema ni oili iliyochoka tu. Mpira wa hewa: Mama, umepasuka kweli! Chini ya klampu ya upande wa manifoldi, kidole kinapita. Geji ya kompresheni sijapata. Tumeamua kutoa hedi.

#21 Afande_Mstaafu
Hedi ikitoka, usiikokote kwenye mchanga. Ilaze juu ya mbao, uso juu. Pushirodi zipange kwa mpangilio wake, kila moja irudi kwake.

#22 Mwana_Kigumba
Hedi imetoka. Silinda 1 na 2 zina ngazi ndogo, ukucha unaisikia lakini unapita. Namba 3 ukucha unakwama. Juu ya pistoni ya 3 kuna masizi mabichi yenye oili, zile mbili ni kavu. Na valvu ya kuingiza hewa ya 3 inacheza kwenye gaidi, Afande naye hakukosea. Fundi alikuja na geji akapima: namba 3 imelika karibu milimita 0.30 pale juu, chini karibu haijaguswa.

Swali langu jipya: kwa nini namba 3? Vumbi limeingia kwa mpira mmoja, si lingekula zote sawa?

#23 Fundi_Ndeeba
Kulika juu kuliko chini ni kawaida, ringi ya kwanza inapata moto mwingi na oili kidogo pale. Vumbi likizidi, kulika kule kunakwenda mbio. Lakini kwa nini ya tatu, mimi nasema nozeli. Nozeli inayochuruzika badala ya kunyunyiza inaosha oili kwenye ukuta wa slivu, chuma kinasugua chuma. Na dizeli ile ambayo haikuungua inateremka mpaka kwenye sampu. Hapo harufu ya dizeli inapata maelezo bila kuilaumu pampu ya Aliga. Toa nozeli zote tatu zipimwe pamoja.

#24 Afande_Mstaafu
Namba 3 ndiyo ya mwisho kutoka kwenye feni na pampu ya maji. Wengi huku wanajaza rejeta kwa maji ya kinamasi. Tope linatembea na maji na kutulia nyuma ya bloku, ukutani kwa silinda ya tatu. Silinda ile inachemka peke yake huku geji ya mbele inasema sawa. Fungua koki ya kumwagia maji kwenye bloku. Isipotoa maji, chokoa na waya uone kitakachotoka.

#25 Aliga_Arua
Pampu yangu naitetea. Ni rahisi kujua: ifungue, angalia ngozi yake kwenye mwanga. Vitu vya hapo ni bei ndogo.

#26 Mwana_Kigumba
Afande, koki haikutoa kitu. Tumechokoa, limetoka tope jekundu na magamba ya kutu, halafu maji. Aliga, ngozi ya pampu ina mikunjo lakini sioni ufa.

#27 Kijana_wa_Busia
Basi slivu moja na ringi, namba 3 tu. Kwa nini aweke tatu?

#28 Fundi_Ndeeba
Inawezekana, na wapo wanaofanya. Lakini uzito wa pistoni mpya na za zamani si lazima ulingane, na ukishafungua mpaka hapo, zile mbili nazo zina ngazi tayari. Mimi ningeweka tatu. Kama hela haitoshi, afadhali slivu tatu na kranki isubiri, lakini kranki hiyo ipimwe kwanza, si kukadiria kwa macho.

Slivu zenyewe zipo za aina mbili. Zipo zilizokamilika kipimo na zipo zinazopigwa kwanza, kisha zinaboliwa (zinatanuliwa) na kuhoniwa (kusuguliwa kwa jiwe) ndani ya bloku. Mwuzaji asiyejua atakupa yoyote. Kipimo cha kawaida cha injini hii ni inchi 3.6, milimita 91.4, na mwendo wa pistoni inchi 5. Piga hesabu ya silinda tatu utapata inchi za ujazo 152 na kidogo, ndiyo 152 ya jina lake, kama lita 2.5. Slivu ikiwa imeshapigwa, tumbukiza ringi peke yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima pengo la ncha zake kwa fila (vipande vyembamba vya kupimia pengo). Kwa kipenyo hiki pengo la kama elfu 11 hadi 14 za inchi (yaani inchi 0.011 hadi 0.014) ni zuri. Likiwa sifuri, ringi ikipata moto itakosa pa kutanukia na itakwama.

#29 Mama_Mahindi_Bweyale
Na ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kununua, beba pistoni ya zamani mkononi. Zipo AD3.152 za pistoni yenye ringi tano, za baadaye zina pungufu. Mwuzaji anakuambia zote ni sawa. Spea nyingi zinatoka Pakistan na India, kwa sababu huko trekta za Massey zenye injini ya aina hii zimetengenezwa miaka mingi. Nyingine nzuri, nyingine hazifai. Pima kwa maikromita dukani, asiyekubali upime, ondoka.

#30 Mkata_Miwa
Na sampu anaitoaje? Kwenye lori tunalala chini tunaishusha.

#31 Fundi_Ndeeba
Swali zuri, na watu wameumia hapa. Sampu ya MF 135 si bati, ni chuma cha kusubu, nzito, na inabeba sehemu ya mbele ya trekta. Trekta haina chesisi, injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo egemeza chini ya nyumba ya klachi kwa magogo imara au stendi za chuma, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, ndipo utoe mbele. Jeki peke yake hairuhusiwi.

Kranki ikitoka, mpeleke mtu wa mashine apime kama imekuwa ya mviringo usio kamili. Ikiwa hivyo inachongwa kwa hatua: elfu 10, 20 au 30 za inchi, na beringi zinanunuliwa kwa saizi hiyo. Usinunue beringi kabla kranki haijachongwa.

Na wakati umeigawa, sili ya nyuma ya kranki ibadilishe. Kwenye nyingi za zamani ni ya kamba. Oili ikichuruzika kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, lile lenye pini, ni hapo inatokea, na oili hiyo haiungui, kwa hiyo hakuna moshi wa kukuambia.

#32 Afande_Mstaafu
Tundu hilo nimesahau kuliuliza. Mwana_Kigumba, kuna oili hapo?

#33 Mwana_Kigumba
Ipo. Sakafu ya banda ni nyeusi hapo. Tulidhani ni ya giaboksi.

#34 Aliga_Arua
Sasa una njia nyingi za oili kupotea kuliko mafundi wa kulaumu.

#35 Mama_Mahindi_Bweyale
Wakimaliza, msiiache ingurume siku nzima kwenye banda mkisema inazoea. Ringi mpya zinakaa kwa mzigo. Iwashe, angalia presha ya oili, angalia maji, kisha itoke na trela nyepesi, mwendo unabadilikabadilika, mzigo unaongezeka kidogo kidogo. Ya kwetu ya kwanza iliachwa ikinguruma muda mrefu bila kazi, na fundi wa pili alitufungulia tukaona slivu zinang'aa kama kioo, mistari ya kuhoni imefutika. Sijui mpaka leo niseme ni vumbi au ni hilo.

#36 Fundi_Ndeeba
Yanaweza kuwa yote mawili. Hedi ikazwe tena ikishapata moto mara ya kwanza, na tapeti (pengo la valvu) zirekebishwe: elfu 12 za inchi ikiwa baridi, 10 ikiwa moto. Oili ya kwanza usiihifadhi, imwage mapema pamoja na filta, ina chembe za chuma.

#37 Mwana_Kigumba
Nimewasikia. Uamuzi wa nyumbani: slivu tatu, pistoni, ringi, gaidi za valvu, sili ya nyuma, mpira mpya wa hewa. Kranki inapimwa Alhamisi. Nozeli tatu zinaondoka kesho na lori la mahindi kwenda Kampala, zipimwe pamoja na pampu ya CAV, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli.

#38 Kijana_wa_Busia
Hela yote hiyo, na bado hamjakubaliana kwa nini ni ya 3.

#39 Afande_Mstaafu
Ni tope. Umeona mwenyewe koki.

#40 Fundi_Ndeeba
Tusubiri nozeli. Mwana_Kigumba, wafunge karatasi yenye namba kwenye kila moja, ya 3 isichanganyike na nyingine njiani.